Utajuaje kama jezi ilivaliwa kweli mechini?

Msomaji ameniandikia hivi: "Nilianza kukusanya jezi miaka miwili iliyopita. Sasa nimeonyeshwa moja ya mshambuliaji aliyestaafu, na muuzaji anasema ndiyo aliyoivaa kwenye fainali. Ina saini yake mgongoni, ina cheti cha uhalali, na nimetumiwa picha ya mchezaji huyo siku ya fainali akiwa na jezi ileile. Ina madoa ya nyasi pia. Muuzaji anataka jibu kabla wiki haijaisha. Je, ushahidi huu unatosha?"

Hautoshi, ndugu yangu. Sisemi jezi hiyo ni feki, kwa sababu sijaiona. Ninachosema ni kwamba saini, cheti, picha na madoa vinaweza vyote kuwa vya kweli, na bado jezi yenyewe isiwe imewahi kukanyaga uwanja. Nitakueleza kwa nini, halafu nitakueleza namna ninavyofanya mimi nikiletewa jezi ya aina hiyo.

Tuanze na saini. Saini inajibu swali jingine kabisa: inasema mchezaji aliwahi kushika kalamu juu ya kitambaa hiki, basi. Wachezaji wakubwa husaini jezi nyingi sana, na jezi ya dukani iliyosainiwa inabaki kuwa jezi ya dukani. Hapo bado hatujauliza kama saini ni yake. Marekani, miaka ya 1990, FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, iliendesha uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen na kufichua mtandao mkubwa wa watu waliokuwa wakighushi saini za wanamichezo na kuziuza pamoja na vyeti. Saini za kughushi zilikwenda na karatasi zake nzuri za kuzithibitisha.

Hilo linatufikisha kwenye cheti. Cheti ni neno la mtu lililoandikwa. Thamani yake ni thamani ya kile ambacho mtu huyo alikiona kwa macho yake. Kwa hiyo ukipewa cheti usiulize kwanza kama kina muhuri au stika inayong'aa. Uliza aliyekiandika alikuwa wapi jezi ilipovuliwa. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, ilianzisha mpango wake wa uthibitisho mwaka 2001, baada ya kashfa hiyo ya saini, na ulijengwa juu ya kanuni moja ambayo naiheshimu sana: mthibitishaji, ambaye kwa kawaida ametoka kwenye kazi ya polisi, anakuwepo uwanjani, anakiona kifaa kikitoka mchezoni, na hapohapo kinabandikwa stika yenye namba yake ya pekee. Asichokiona hakithibitishi. Mpira ukiingia jukwaani kati ya mashabiki na ukampotea machoni, hata kama anayeuleta ni mtu mwaminifu kiasi gani, haupewi stika. Sasa chukua cheti ulichonacho ukisome tena polepole. Kama kinasema "tunathibitisha" lakini hakisemi nani aliona nini, siku gani na mahali gani, unacho kipande cha karatasi chenye maoni ya muuzaji.

Picha uliyotumiwa inaonyesha jezi ya aina hiyo. Haionyeshi jezi hiyo. Tofauti hii ndiyo inayowagharimu wakusanyaji wengi wapya. Kuonyesha kwamba rangi, mdhamini, beji ya mashindano na namba vinafanana na vya siku ya mechi ni kulinganisha mtindo tu, na jezi za mtindo huo zilitengenezwa nyingi. Kulinganisha picha kwenyewe, kule kunakoweza kutuambia kitu, ni kutafuta alama ambazo zipo kwenye jezi moja tu duniani na kuziona alama hizohizo kwenye picha ya siku ile.

Kabla hatujafika huko, weka sawa maneno, kwa sababu wauzaji huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Kuna jezi ya shabiki. Kuna jezi ya kiwango cha mchezaji, yenye kitambaa chepesi na mkato wa kubana mwili, ambayo siku hizi inauzwa wazi kwa yeyote, kwa hiyo kitambaa chake hakithibitishi lolote. Kuna jezi iliyoandaliwa kwa mechi: ilitoka kwa mtunza vifaa wa timu, ikawekewa jina na namba, ikaning'inizwa chumba cha kubadilishia nguo, lakini haikuvaliwa. Halafu kuna iliyovaliwa. Katika soka la ngazi ya juu mchezaji mmoja huandaliwa jezi zaidi ya moja kwa mechi, mara nyingi moja kwa kila kipindi. Kwa hiyo hata jezi iliyotoka kweli chumbani siku ya fainali yako inaweza kuwa ile iliyobaki kwenye msumari. Na hata ile iliyovaliwa inaweza kuwa ya kipindi cha kwanza wakati bao lilifungwa cha pili. Maandishi ya kifuani yenye tarehe na majina ya timu nayo yasikulaze usingizi. Watu wengi wana mashine ya kuyabandika.

Mimi jezi ikifika mezani siitafutii sababu za kuikubali. Naitafutia sababu ya kuikataa. Ushahidi mia moja unaokubaliana na madai haufiki popote ukikutana na mmoja unaoonyesha kwamba madai hayo hayawezekani. Na sababu za kukataa ni rahisi kuzipata kuliko za kukubali, kwa hiyo anza nazo, utaokoa muda na pesa.

Anza na zama. Kombe la Dunia la 1994 ndilo la kwanza ambalo wachezaji walikuwa na majina mgongoni. Ukiletewa jezi ya Kombe la Dunia la 1990 yenye jina, irudishe. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kutumia majina na namba za kudumu za msimu mzima katika msimu wa 1993/94. Kabla ya hapo waliokuwa wanaanza mechi walivaa 1 hadi 11, na namba 9 ya wiki hii inaweza kuwa ya mtu mwingine wiki ijayo, jambo ambalo linafanya jezi za kabla ya hapo ziwe ngumu zaidi kumhusisha nazo mtu mmoja. Matangazo ya mkononi katika ligi hiyo yalianza 2017/18. Kwenye mpira wa kikapu, NBA ilivaa Adidas hadi 2017 na Nike ikaingia msimu wa 2017/18, msimu uleule ambao matangazo ya wadhamini yalianza kuonekana kifuani. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini mghushi ni mtu mwenye haraka, na mwenye haraka hukosea kwenye kalenda.

Kisha geuza jezi ndani nje. Lebo za ndani za jezi za siku hizi mara nyingi hubeba namba ya bidhaa, na nyingine mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Jezi iliyoshonwa miezi miwili baada ya mechi haikuwepo kwenye mechi. Hakuna hadithi ya kuiokoa. Angalia kama lebo imekatwa, na kama imekatwa, uliza kwa nini. Angalia upande wa ndani wa namba na nembo: je, kuna kivuli cha namba nyingine iliyobanduliwa, au matundu ya sindano ya mshono uliofumuliwa? Kivuli hicho si lazima kiwe ubaya. Timu zimekuwa zikibadilisha majina na kutumia jezi tena tangu zamani, hasa katika hoki ya barafu na besiboli. Lakini lazima kielezeke.

Kwa jezi za zamani sana tunatumia pia taa ya urujuanimno (UV). Nyuzi za poliesta na dawa za kung'arisha weupe zilizomo kwenye sabuni za siku hizi hung'aa buluu chini ya taa hiyo. Poliesta ilianza kuuzwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo jezi ya sufu ya miaka ya 1930 ambayo uzi wa namba yake unawaka kama balbu imeguswa na mtu baadaye. Nasema imeguswa, sisemi ni bandia: inaweza kuwa ilitengenezwa upya, au ilifuliwa na mtu miaka ya karibuni. Ikiwaka mahali pamoja tu, kwenye namba au jina, hapo ndipo moyo wangu hushtuka.

Ikivuka hapo, sasa tuingie kwenye kulinganisha picha, na hapa ndipo ninapotumia saa nyingi kuliko kwingine kote.

Unatafuta nini? Vitu vilivyofanywa na mkono au mashine bila uangalifu wa milimita. Namba inapobandikwa kwenye kitambaa chenye matundu madogo, ukingo wake hukata baadhi ya matundu: hapa tundu limekatwa nusu, pale robo, pale limebaki zima. Mpangilio huo haujirudii kwenye jezi nyingine, hata kama zilipigwa pasi mfululizo na mtu mmoja. Ukipata picha kali inayoonyesha kona ya namba, unahesabu matundu kama mtu anayehesabu shanga. Jezi yenye mistari au michoro iliyochapwa nayo ina siri yake: kitambaa hukatwa kabla ya kushonwa, kwa hiyo mahali mstari unapokutana na mshono wa bega hutofautiana kidogo kati ya jezi na jezi. Pima umbali kati ya nembo na mstari ulio karibu, mwinamo wa herufi moja ya jina, mshono uliopotoka kwenye kola, uzi uliochomoka kwenye pindo. Alama moja haitoshi. Mimi nataka kadhaa, sehemu tofauti za jezi, na ikiwezekana kwenye picha zaidi ya moja.

Picha yenyewe nayo ichunguzwe. Tafuta kwenye hifadhi za mashirika ya picha kama Getty Images, Reuters au AFP, ambako picha ina tarehe na jina la mechi, lakini usiamini maelezo peke yake. Angalia jezi ya wapinzani, mabango ya pembeni ya uwanja, viatu. Picha zilizokatwa kutoka kwenye video zinasaidia kukataa zaidi kuliko kukubali, kwa sababu zikikuzwa hugeuka vigae vya rangi na jicho lenye hamu huanza kuona linachokitaka. Kumbuka pia kwamba kitambaa kinakunjika mwilini: umbali kati ya vitu viwili hubadilika mtu anapoinua mkono, ila idadi ya matundu na mpangilio wa mishono haubadiliki.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: muda unakwenda upande mmoja. Ukiona mchaniko kwenye jezi mezani lakini kwenye picha haupo, huenda ulitokea dakika moja baada ya picha kupigwa, au miaka kumi baadaye. Hilo haliiangushi jezi. Lakini ukiona mchaniko kwenye picha, na mahali hapohapo kwenye jezi kitambaa ni kizima, hakina kiraka wala mshono wa kurekebisha, kazi imekwisha. Doa la nyasi linaweza kufuliwa likaondoka, kwa hiyo kukosekana kwake hakusemi kitu. Tundu halifuliki.

Mfano ninaoupenda ni jezi ya Diego Maradona ya tarehe 22 Juni 1986, robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Uingereza kwenye uwanja wa Azteca, siku ya bao la mkono na lile alilokokota mpira tangu nusu ya Argentina. Steve Hodge, kiungo wa Uingereza, alibadilishana naye jezi baada ya mechi, akaitunza, na kwa miaka mingi ikawa inaonyeshwa kwenye makumbusho ya soka ya Uingereza. Ilipotangazwa kupigwa mnada mwaka 2022, binti wa Maradona, Dalma, alisema hadharani kwamba hiyo si jezi ya mabao. Kwamba baba yake alibadilisha wakati wa mapumziko, na Hodge anayo ya kipindi cha kwanza. Ona swali lilivyo la hatari. Hakuna aliyebisha kwamba jezi ilitoka kwa Maradona wala kwamba ilivaliwa siku ile. Ubishi ulikuwa juu ya dakika arobaini na tano, na mabao yote mawili yalifungwa kipindi cha pili.

Kilichosaidia ni haraka ya Waargentina wenyewe. Jezi zao za bluu za mechi iliyotangulia zilikuwa nzito kwa joto lile, wakaenda kununua nyingine nyepesi jijini Mexico, nembo za shirikisho zikashonwa kwa haraka na namba za rangi ya fedha zikapigwa pasi muda mfupi kabla ya mechi. Kazi ya haraka ya mikono ya watu haitoi jezi mbili zinazofanana. Sotheby's, kampuni iliyopiga mnada huo, walishirikiana na kampuni ya kulinganisha picha, Resolution Photomatching, wakapima nembo, mistari na namba dhidi ya picha za kipindi cha pili, na alama zikakubali. Jezi ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7. Maneno ya Hodge yalikuwa ya kweli tangu mwanzo, lakini maneno peke yake yasingeweza kumjibu Dalma. Kitambaa ndicho kilichomjibu.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Miaka mingi nyuma nilinunua jezi yenye cheti kizuri kutoka kwa muuzaji aliyekuwa na jina zuri, nikaitundika ukutani kwa fahari. Baada ya miaka miwili nikakutana na picha ya mechi ile iliyopigwa kutoka pembeni. Kwenye picha, beji ya mkono wa kushoto iligusa mstari mweupe. Kwenye jezi yangu kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole. Nilikaa muda mrefu nikitazama picha na jezi, nikitafuta namna ya kuielezea ile nafasi, na hakukuwa na namna. Nilikuwa nimeitazama jezi hiyo mamia ya mara, ila siku zote nilitazama jina na saini.

Sasa madoa yako. Uchakavu una maana pale tu unapokaa mahali mchezo wenyewe unapouweka. Kwenye soka tafuta pindo lililovutika kwa kushikwa, nyuzi zilizochomoka kiunoni na mabegani, namba zilizoanza kupasuka nyufa mahali mgongo unapojikunja. Hoki ya barafu huacha michubuko ya kuta za uwanja na alama nyeusi za kisahani cha mpira wanachochezea kwenye mikono. Futiboli ya Kimarekani huacha rangi za kofia za wapinzani mabegani. Jezi ya mpira wa kikapu, kinyume chake, inaweza kuvaliwa usiku mzima na kutoka kama mpya, na wengi wameikataa ya kweli kwa kuwa haikuchafuka. Mghushi hupaka nyasi, husugua kwa msasa, hufua mara ishirini. Uchakavu wake humsaliti kwa usawa: unakuwa kila mahali kwa kiasi kilekile, au unakuwa mbele tu, pale picha ya tangazo itakapopigwa. Tena nyasi zinazosuguliwa kwa mkono huacha doa la mviringo, wakati mtu anayeteleza huacha mkwaruzo wenye mwelekeo, mwanzo mzito na mwisho mwepesi. Tazama madoa yako kwa kioo cha kukuzia na uniambie yana mwelekeo gani.

Kuna suala la mikono iliyopitia jezi, na hapa nitakuwa mfupi. Andika mnyororo: ilivuliwa na nani, ikapewa nani, lini, kwa nini, ikafikaje kwa muuzaji wako. Kila kiungo kiwe na mtu anayeweza kuulizwa au maandishi ya wakati ule. "Niliipata kwa rafiki wa mtunza vifaa" si kiungo. Mnyororo mzuri hauchukui nafasi ya picha, ila pale ambapo picha kali hazipo, kwa mfano mechi za ligi za chini au miaka ya zamani, ndio karibu kila kitu ulichonacho, na bei inapaswa kuonyesha hivyo. Jezi ya Babe Ruth, nyota wa besiboli wa zamani, ya mechi ya tatu ya World Series, yaani fainali za besiboli ya Marekani, ya 1932 iliuzwa kwa dola 940,000 mwaka 2005. Mwaka 2024, ikiwa imelinganishwa na picha za siku ile, ilifika dola milioni 24.12. Soko lenyewe lilikuwa limepanda sana katikati, lakini hakuna mnunuzi anayefika bei hiyo kwa kuambiwa tu.

Kwa jezi yako, fanya hivi. Mwombe muuzaji picha mpya, kubwa, zilizopigwa kwa mwanga wa mchana: mbele, nyuma, ndani nje, lebo zote, kila kona ya namba, nembo na beji za mikono kwa karibu kiasi cha kuona nyuzi. Mwombe aweke rula pembeni. Muulize jezi ngapi ziliandaliwa kwa mchezaji siku ile na hii ni ya kipindi gani. Asiyejua ajibu hajui, na jibu hilo nitaliheshimu. Mwombe aandike kwa jina lake kwamba atarudisha pesa zote ikithibitika si yenyewe, bila kikomo cha wiki mbili. Kisha keti na picha za fainali, anza na beji za mikono na ukingo wa namba, na utafute mahali ambapo haziwezi kukubaliana. Fainali hupigwa picha nyingi kuliko mechi yoyote ya msimu, kwa hiyo kama ni yenyewe, kuna uwezekano mzuri wa kuionyesha. Ukiona kazi ni ngumu kwa macho yako, zipo kampuni zinazolinganisha picha kwa malipo, na bora umlipe mtu asiyefaidika jezi ikiuzwa.

Akikataa kukupa picha hizo, au akisema kuna mnunuzi mwingine anayesubiri mlangoni, mwache huyo mnunuzi aichukue. Wiki yake isiwe wiki yako. Nawe ukishaipata, iwe hii au nyingine, tafadhali usiifue wala usiipige pasi. Ipige picha hivyo hivyo ilivyokuja, na uzi wake uliochomoka, kwa sababu huenda ndio uzi utakaoonekana siku moja kwenye picha ambayo hakuna aliyeitazama bado.